Fundi, paa hili vipi? Maswali ya wasomaji kuhusu chumvi, bati na theluji

Kaskazi inaelekea kwisha, masika yako njiani, na kila mwenye paa linalovuja ameshaanza kutazama juu. Ndiyo maana barua za mwezi huu karibu zote ni za mapaa. Ambalo hatukulitarajia ni barua za nyumba zilizo kwenye theluji. Wana wa Malindi na Amu wametawanyika duniani, na wakikwama huwapigia simu wazee wao. Tunaanza na hizo za baridi kisha turudi kwetu. Barua zote tumezifupisha.

SWALI. Assalamu alaikum. Mwanangu amenunua nyumba Nova Scotia, Kanada, dakika tano kwa miguu kutoka baharini. Paa ni la vigae vya lami na limechoka. Upepo umeng'oa vigae kadhaa, na kila mwisho wa baridi maji huingia ukutani upande wa upenu. Mkandarasi ametoa bei tatu: vigae vya lami vipya, mabati ya alumini yanayoungwa kwa kukunjwa kingo, na vigae vya mbao ya mwerezi. Mimi nimepaua nyumba nyingi hapa, nikamwambia aezeke mabati ya migongo kama yetu, yaishe. Je, nimekosea?
Mzee wa Barani, Malindi

JIBU. Wa alaikumu salaam, mzee wetu. Kwenye bati hujakosea sana. Kwenye msumari ndipo penye neno, na tutafika hapo. Lakini kuna jambo linalotangulia bei zote tatu: hayo maji ya mwisho wa baridi huenda hayatokani na uchakavu wa vigae.

Nyumba ya huko hupashwa moto ndani. Joto likipenya darini hulipasha paa kwa chini, na theluji iliyolala juu huanza kuyeyuka kutokea tumboni. Maji huteremka chini ya theluji hadi upenuni. Upenu hauna chumba chenye moto chini yake, kwa hiyo maji yakifika hapo huganda. Kesho yake yanaganda mengine juu ya yale, na baada ya wiki upenu mzima una ukingo wa barafu, na nyuma ya ukingo kuna kidimbwi. Vigae vya lami hupangwa kama magamba ya samaki. Maji yanayoteremka huyamudu, maji yaliyosimama haviyawezi. Kidimbwi kikipanda, maji hurudi nyuma chini ya vigae, hupata tundu la msumari, na hayo ukutani. Mwanao akibadilisha vigae akaliacha joto la darini lilivyo, baridi ijayo atakupigia simu ile ile.

Kwa hiyo apande darini na tochi kwanza. Azibe kila tundu ambalo hewa ya moto hupitia: kandokando ya nyaya, taa, mabomba, na mlango wa kupandia. Baada ya kuziba ndipo aongeze pamba ya kuhifadhi joto. Akianza na pamba, hewa yenye unyevu itaendelea kupita, itakutana na mbao baridi juu, na mbao zitatoa jasho na kuvu. Feni ya bafuni itoe hewa nje kabisa, si darini. Kisha apime matundu ya hewa ya paa. Kanuni za ujenzi za Kanada kwa paa lenye mwinamo wa kawaida zinataka uwazi usiopungua sehemu 1 ya 300 ya eneo la dari. Dari la mita za mraba 90 linahitaji sentimita za mraba 3,000, angalau robo yake chini upenuni na angalau robo juu karibu na kilele. Matundu mengi hupita ukaguzi siku ya kwanza, halafu mtu wa pamba akaja akaisukuma mpaka ukingoni akayaziba yote.

Jambo la pili ni utando wa lami unaojinata, ambao hulazwa upenuni juu ya mbao kabla ya vigae au bati. Kanuni hiyo hiyo inataka utando huo upande juu kutoka ukingo wa paa si chini ya milimita 900, na uvuke uso wa ndani wa ukuta wa nje kwa si chini ya milimita 300. Hapa ndipo pa kumkagua mkandarasi. Chukua upenu uliotokeza sentimita 50, ukuta wenye unene wa sentimita 20, ongeza zile 30: ni mita moja ukipima kwa usawa. Kwenye mwinamo wa kupanda 6 kwa kila 12, mita hiyo inakuwa kama sentimita 112 ukipima juu ya paa lenyewe. Roli la utando kwa kawaida lina upana wa sentimita 91. Safu moja haifiki! Ni lazima safu mbili, ya juu ikilalia ya chini, na bei ionyeshe safu mbili.

Sasa zile aina tatu. Pwani ya Nova Scotia inapata vitu vinne kwa pamoja: chumvi, upepo mkali, theluji yenye maji, na joto linalovuka sifuri kwenda na kurudi mara nyingi katika baridi moja. Kimbunga Fiona kilichotua huko tarehe 24 Septemba 2022 kiliezua mapaa mengi, na kigae cha lami hung'oka kwa sababu mbili kuu. Ya kwanza ni misumari. Kwenye upepo wa bahari kigae kimoja kipigwe misumari 6, si 4, tena juu ya mstari uliochorwa, kwa sababu ukipiga juu zaidi unakosa ukingo wa kigae cha chini na kazi yote inabaki kwa nusu ya nguvu. Ya pili ni gundi. Kila kigae kina mstari wa lami unaoshika kigae cha juu yake, lakini mstari huo huyeyushwa na jua. Kazi ikifanywa mwezi wa kumi na moja kwenye baridi, gundi haishiki, na dhoruba ya kwanza inavifungua vigae kama kurasa za kitabu. Kama ni lazima kuezeka kwenye baridi, kila kigae kipakwe matone ya gundi ya lami kwa mkono. Vigae hivi vikifanyiwa hayo yote, kando ya bahari hutegemewa miaka 15 hadi 25.

Alumini haishiki kutu nyekundu, na chumvi huivumilia kuliko chuma chochote kilichopakwa zinki. Tabia yake ni kutanuka. Bati la alumini la mita 10, kutoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi nyuzi 40 za juani, hurefuka kwa milimita 14 hivi. La chuma hurefuka nusu ya hapo. Mabati yetu ya migongo yamepigiliwa moja kwa moja. Bati linapokwenda na kurudi kila siku, tundu la msumari hupanuka na washa ya mpira hupasuka kwa baridi. Kwetu tundu hilo ni tone la maji. Kule ni tundu lililo chini ya theluji iliyolowa kwa miezi. Mabati ya kukunjwa kingo hushikwa na vibanio vilivyofichwa ndani ya mkunjo, bati linateleza juu ya kibanio bila kutoboka. Ndiyo tofauti ya bei.

Bati laini lina hatari moja: theluji haikai, inaporomoka. Upande wa paa wenye mita za mraba 50 ukibeba kilo 60 kwa kila mita ni tani tatu zinazoshuka kwa mkupuo, juu ya mlango, gari au bomba la gesi. Vizuizi vya theluji viwekwe juu ya milango na njia, vile vinavyobana kwenye mkunjo bila kutoboa bati. Mwerezi nao ni mzuri kwa macho, lakini unataka uwazi wa hewa chini yake, misumari ya chuma kisichoshika kutu (utomvu wa mwerezi na chumvi hula msumari wa kawaida), na mtu wa kuondoa kuvumwani kila mwaka au miwili. Mtu anayefanya kazi kutwa hatayafanya hayo.

Kwa hiyo: kama ana nia ya kukaa hapo na fedha inaruhusu, alumini ya kukunjwa. Kama hairuhusu, vigae vizito vya lami vya tabaka mbili, misumari 6, utando safu mbili, kazi ifanywe kiangazi. Kabla ya kusaini dhamana ya bati lolote asome sharti la umbali kutoka baharini. Dhamana nyingi za chuma kilichopakwa huishia hapo.

SWALI. Mwalimu alituambia theluji ni nyepesi kama pamba. Inawezaje kuvunja paa? Na ni kweli kwamba Iceland wanaezeka mabati kama ya kwetu?
Mwanafunzi, Langoni, Lamu

JIBU. Mwalimu amesema kweli kwa theluji ya saa moja. Ikianguka tu, mita ya ujazo ina kilo 50 hadi 100. Ikitulia na kushindiliwa na upepo hufika kilo 200 au 300, na iliyolowa maji huzidi. St. John's, mji wa bahari mashariki mwa Kanada, tarehe 17 Januari 2020 ulipata sentimita 76.2 kwa siku moja. Hata kwa kilo 100 kwa mita ya ujazo hiyo ni kilo 76 kwenye kila mita ya mraba, kama mtu mzima mmoja amesimama kwenye kila mkeka mdogo wa paa lako. Kibaya zaidi ni mvua juu ya theluji, jambo la kawaida kwenye miji ya pwani. Theluji hunyonya kama sponji, na kila milimita moja ya mvua inaongeza kilo moja kwa mita ya mraba bila theluji kuonekana imepanda. Mwenye nyumba anatazama juu, anaona kimo kile kile, na uzito umeongezeka nusu.

Iceland ni kweli. Bati la migongo lilisajiliwa London mwaka 1829 na Henry Robinson Palmer, na mwishoni mwa karne hiyo lilishaenea Iceland kwa sababu mbao ni haba na mvua ya huko hupigwa na upepo ikaja kwa ubavu. Hawakuishia kwenye paa. Kuta za nyumba za zamani za Reykjavik nazo zimevikwa bati na kupakwa rangi. Wewe na mtoto wa Reykjavik mnalala chini ya sauti moja ya mvua.

SWALI. Naishi kaskazini mwa Norway karibu na Tromsø. Vigae vyetu vya udongo vinabanduka ngozi, kila mwaka naokota vipande vyekundu chini. Jirani ananishauri nivipake rangi ya kuzuia maji. Nifanye?
Dada wa Shella, Malindi

JIBU. Usipake, dada yetu, angalau si kabla ya kujua maji yanaingilia wapi. Kigae cha udongo kina vitundu vidogo vinavyonyonya maji. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na kama vitundu vimejaa hakuna pa kwenda ila kusukuma uso wa kigae ubanduke. Baridi kali isiyobadilika haina madhara makubwa hivyo. Kinachoua kigae ni kuganda na kuyeyuka, na bahari ya kwenu isiyoganda ndiyo inayoleta siku za kuvuka sifuri. Rangi ya kuzuia maji hufunga uso wa juu tu. Unyevu wa nyumba unapanda kutoka chini, unakwama nyuma ya rangi, unaganda hapo hapo. Vigae vilivyopakwa hivyo hubanduka vipande vikubwa zaidi.

Toa vigae vitano sehemu mbalimbali uvitazame kwa chini. Vikiwa vimelowa chini kuliko juu, tatizo ni hewa: nafasi kati ya vigae na utando imeziba kwa majani au kuvumwani. Vikiwa vikavu chini na uso wa juu ndio uliokufa, umri umefika. Ukinunua vipya, uliza kama vimepita kipimo cha Ulaya cha kuganda, EN 539-2, na usichanganye na vya zamani kwenye safu moja, maana havitakaliana sawa. Kama utaamua kuhamia bati, mhandisi akague upya viungo vya paa. Vigae vya udongo ni kilo 40 hivi kwa mita ya mraba na bati ni kilo 5 au pungufu, kwa hiyo paa lililokuwa likikaa kwa uzito wake sasa linataka kufungwa dhidi ya upepo. Huko Tromsø tarehe 29 Aprili 1997 theluji ya ardhini ilipimwa sentimita 240, basi usimruhusu mtu akupunguzie mbao kwa sababu eti bati ni jepesi.

SWALI. Nimeezeka ukumbi kwa mabati ya aloi ya alumini na zinki, niliambiwa hayashiki kutu. Mwaka wa tatu huu, pale yanapoingia ukutani yamekuwa na madoa meusi na matundu. Katikati ya bati ni zima kabisa. Nimeuziwa bandia?
Msomaji wa Mkomani, Lamu

JIBU. Huenda hukuuziwa bandia, ndugu. Chokaa ndiyo imekula. Uzito wa ile aloi, kiasi cha asilimia 55, ni alumini, na alumini haipatani kabisa na kitu chenye ukali wa chokaa au saruji mbichi. Nyumba ya matumbawe na chokaa ikilowa masika, maji yanayoshuka ukutani yana chokaa ndani yake. Umelizika bati ndani ya lipu, kwa hiyo linaoga chokaa kila mvua. Ungetia bati la zinki tupu pahali hapo lingeumia pia, ila polepole zaidi.

Dawa ni kulitoa bati ukutani. Kata ncha iliyooza, acha upenyo wa sentimita 2 au 3 kati ya bati na ukuta. Chimba mfereji mwembamba ukutani juu kidogo, pachika ukanda wa kuzibia unaoshuka na kulifunika bati kwa sentimita 15, na ukanda huo usiwe wa aloi hiyo hiyo ukigusa chokaa. Tumia uliopakwa rangi ya lami upande wa ukutani. Usitumie shaba! Maji yaliyopita juu ya shaba yakishuka kwenye alumini au zinki huyatoboa. Na silikoni ya kuzibia ikinuka siki, irudishe dukani, asidi yake hula zinki. Chukua isiyo na harufu hiyo. Lipu ikirukia bati wakati wa kazi, isafishwe kwa maji siku hiyo hiyo kabla haijakauka.

Madoa ambayo hayajatoboka yasuguliwe kwa brashi ya nailoni. Brashi ya waya huacha chembe za chuma, na hizo zinashika kutu zikakupa madoa mapya. Osha, kausha, paka rangi ya msingi iliyoandikwa ni ya zinki. Rangi ya mafuta ya kawaida ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki hubabuka.

Mawili ya nyongeza kwa watu wa kisiwani. Mabati yakivushwa kwa mashua kutoka Mokowe yakarushiwa maji ya bahari, yaoshwe kwa maji baridi na kukaushwa moja moja kabla ya kupangwa. Yakibanana yakiwa yamelowa, baada ya siku chache tu hutoka unga mweupe ukala ngao ya zinki kabla hujaezeka. Na kwa kuwa Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kubadilisha paa ndani ya eneo la hifadhi si jambo la wewe na fundi tu: anzia ofisi ya Makumbusho ya Taifa.

SWALI. Najenga nyumba ya mita 9 kwa 7 Mayungu, mita mia mbili kutoka ufukweni. Nipeni hesabu ya mabati na misumari, na mniambie kwa nini paa la jirani linalia kutu kwenye misumari wakati bati ni jipya.
Baba wa watoto wanne, Malindi

JIBU. Hesabu kwanza. Ukitokeza upenu nusu mita pande zote, paa linafunika mita 10 kwa 8. Paa la pande mbili lenye mwinamo wa nyuzi 20: kila upande unapanda mita 4.26. Chukulia bati ambalo likishalazwa linafunika sentimita 75 (pima la kwako, viwanda vinatofautiana): mita 10 zinataka mistari 14 kila upande, jumla 28. Kama kiwanda kinakata kwa urefu unaotaka, agiza vipande 28 vya mita 4.3. Hilo ndilo bora, maana hakuna kiungo katikati. Kama unanunua ya dukani, kila mstari uchukue bati la mita 2.5 chini na la mita 2 juu, yakilaliana sentimita 24.

Mbao za kupigilia zisiachane zaidi ya sentimita 90, basi ni mistari 6 kila upande, mistari 12 ya mita 10: mita 120 za mbao ya inchi tatu kwa mbili, nunua 130. Misumari mitatu kwa kila bati kwenye mbao za katikati, mitano kwenye mbao ya upenuni na ya kileleni kwa sababu upepo hunyanyua kingo kwanza. Inatoka 616. Nunua 700. Kofia za kufunika kilele, za mita 2, zikilaliana sentimita 15 ni 6.

Geji usiulize peke yake. Namba ndogo ndiyo bati nene, 28 ni nene kuliko 30, lakini geji haikuambii lina zinki kiasi gani, na kando ya bahari zinki ndiyo maisha. Uliza unene kwa milimita na upako kwa gramu. Alama ya Z275 maana yake gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba ukijumlisha pande mbili. AZ150 ni gramu 150 za ile aloi. Muuzaji asiyejua upako wa bati lake anauza rangi.

Paa la jirani linalia kwa sababu alinunua bati la maana na misumari ya kutupa. Chumvi ya kawaida huvuta maji kutoka hewani unyevu ukifika asilimia 75 hivi, na usiku wa Malindi hufika hapo mara nyingi. Kwa hiyo kichwa cha msumari kimelowa kila usiku, mvua ikinyesha isinyeshe. Kwa bati la zinki au la aloi tumia skrubu zilizochovywa zinki nene. Kwa bati la alumini tumia za chuma kisichoshika kutu daraja la 316. Usizibadilishe: chuma hicho kikiwa ndani ya bati la zinki, bati ndilo linaloliwa kandokando ya tundu. Washa iwe ya mpira mgumu, ikazwe mpaka mpira utokeze kidogo tu ukingoni. Ukikaza mpaka unapinduka, umeshapasuka. Kwenye bati la migongo toboa juu ya mgongo, si bondeni.

Kata kwa mkasi wa bati. Cheche za grainda zinaunguza zinki ukingoni na kutapakaa juu ya paa zima. Ndiyo asili ya vile vidoadoa vyekundu vya wiki ya pili ambavyo watu humlaumu nayo mwenye duka. Anza kulaza kutoka upande wa kaskazini ukielekea kusini, ili kingo zinazolaliana zikipe kisogo kusi. Na kila miezi mitatu paoshwe kwa maji baridi sehemu zisizonyeshewa, hasa chini ya upenu. Juu ya paa mvua hukuoshea, chini ya upenu chumvi inajikusanyia bila wa kuiondoa, na bati hutoboka kutokea chini.

Ukitaka kuvuna maji, paa lako la mita za mraba 80 linatoa lita 80 kwa kila milimita moja ya mvua. Mvua ya milimita 20 ni lita 1,600, toa kama sehemu moja ya kumi inayopotea. Maji ya mwanzo, lita 40 hadi 80, yamwage nje ya birika: ndiyo yenye chumvi, vumbi na kinyesi cha ndege.

SWALI. Nyumba yetu ina makuti. Ndugu wanasema tuweke bati juu na makuti tuyabakishe juu yake kwa sura. Mnaonaje?
Mama wa Shela, Lamu

JIBU. Mama, hayo ni mapaa mawili yanayouana. Makuti hushika unyevu na chumvi yakaubana kwenye bati, bati linaoza usilione. Nalo bati huzuia hewa ya chini, makuti yakaoza kabla ya wakati wake. Kama lazima, bati liachiwe uwazi wa sentimita 10 kwa fito zilizonyanyuliwa, na maji ya bati yawe na gata yake.

Makuti peke yake yakiezekwa vizuri hayana tabu. Mwinamo usipungue nyuzi 40. Chini ya hapo maji hutembea polepole yakaingia ndani. Tazama pia kuti linapishana kiasi gani. Kuti la kiungo (lile lililoshonwa kwenye ufito) linalofunika sentimita 75, likipishana kila sentimita 10, ni makuti 13 hadi 14 kwa mita ya mraba. Fundi akikupa bei ya chini, hesabu makuti: likipishana kila sentimita 15 ni 9 tu, na umelipa paa la miaka michache. Kileleni ndipo panapoanza kuoza, kwa hiyo pakaguliwe kila mwaka kabla ya masika na pashonwe upya peke yake bila kungoja paa zima. Maji yake ni ya kahawia, usiyaelekeze kwenye birika la kunywa. Nyaya za umeme zipite ndani ya bomba, zisifungwe kwenye kombamoyo zikigusana na makuti, na jiko la mkaa likae ua wa nyuma upande ambao upepo wa msimu huo hautarudisha cheche juu.